Nipe Mji

"Mama Willis, hiyo mnayompa mzee ni dawa ama ni adhabu?"

Teresiah wa mlango wa pili aliuliza hivyo siku moja. Alikuwa amekuja kuomba chumvi, akamkuta Mzee Zedekiah amefungwa kitambaa shingoni, uji unafuka mbele yake, na kijiko kiko mkononi mwa mkewe Roseline, hakisogei. Roseline alitabasamu tu. Akamwambia kila nyumba hapa Kariobangi inauguza mgonjwa wake inavyojua.

Jacklyne, binti yao, alimkasirikia jirani kwa niaba ya mama. Teresiah angejua nini? Tangu kiharusi kimwangushe baba, maneno yalikuwa yamemkauka mdomoni. Dada wa kliniki alisema yale aliyoyakariri zamani ndiyo yatakayotangulia kurudi: nyimbo, sala, michezo. Basi mama akafufua mchezo wao wa vitendawili. Sharti la nyumba hiyo lilikuwa kila mtu atunge chake, vya shuleni havikubaliwi. Ukishindwa kutegua, unampa mtegaji mji, na mji uliokwisha kutolewa haurudiwi.

Kila jioni, rozari ikiisha, mama, Jacklyne na kaka yake Willis walimzunguka mzee.

"Kitendawili," mama angeanza.

"Te... tega."

"Zamani alipeperusha bendera, treni nzima ikamtii. Leo hata mate yake hayamtii."

Willis alicheka akashika mbavu. Jacklyne naye alicheka, ingawa kidogo. Baba alilijua jibu, maana machozi yalimlengalenga, lakini kusema "mimi" hakuweza.

"Umeshindwa. Nipe mji."

Hapo ndipo Jacklyne alipouona mkono wa Mungu. Baba alikuwa gadi wa treni ya Kisumu tangu ujana wake, na stesheni zote zilikuwa zimemkaa ulimini. "Na... kupa Kikuyu," alisema jioni ya kwanza. Iliyofuata akatoa Limuru. Halafu Kijabe, Naivasha, Gilgil, mmoja kila jioni, kwa mfuatano wake, kana kwamba treni bado inatembea naye yumo. Kule saluni Jacklyne aliwasimulia wateja jinsi mama yake asivyochoka. Hainuki mpaka mzee atoe mji, hata uji upoe ushike utando.

Kuna jioni baba alifumba macho, akakataa kucheza. Jacklyne aliomba wamwachie ale tu, leo amechoka.

"Akitoa mji atakula," mama alisema, kwa sauti ile ile aliyomalizia rozari.

Baba alitoa Nakuru, akala.

Jacklyne hakuona ubaya. Mama alikuwa mtu wa imani ngumu, na alikuwa amepita makubwa kuliko haya. Mtoto wake wa kwanza, Amondi, hakuweza kusimama wala kujilisha. Mama alipolazwa kumzaa Jacklyne, baba alimpakia Amondi kwenye treni yake ampeleke kwa nyanya mashambani. Alirudi na habari kwamba surua imemchukua. Mama alionyeshwa kaburi, akapiga magoti, akaomba, akarudi Nairobi kulea hawa wawili. Majirani wakaanza kumwita Mama Willis. Kila Novemba jina la Amondi bado husomwa katika misa ya marehemu, na mama husimama wima mpaka lisomwe.

Na kiharusi nacho alikipokea hivyo hivyo. Usiku wa kwanza hospitalini, maneno yalipokuwa bado yanamtoka baba vipande vipande, mama aliinama akaweka sikio kwenye midomo yake mpaka kukapambazuka. Jacklyne alipouliza mzee anasema nini, mama alijibu kwamba anaomba msamaha. Watu wanaojiandaa kufa huwa hivyo, akasema.

Treni ya baba iliendelea kupanda. Njoro. Elburgon. Molo.

Jioni iliyofuata mama alitega kitendawili kifupi. "Nimekula chakula changu, nikasema kimeliwa na fisi."

Willis alikisia mwizi, akakisia mlafi, mama akatikisa kichwa. Baba hakukisia kitu. Alikuwa anautazama uji.

"Umeshindwa. Nipe mji."

Mate yalimtiririka baba, hakuna aliyemfuta.

"Na... kupa... Kipkelion."

Jacklyne alicheka kwa huruma. Njia hiyo aliijua, alirushwarushwa juu ya magoti ya baba akiimbiwa stesheni moja moja kabla hajaanza shule. Alichukua ncha ya kitambaa, akampangusa kidevu.

"Baba, umetuibia mmoja. Kabla ya Kipkelion kuna Londiani. Sema Londiani, upewe uji."

Baba alimdaka mkono kwa ule wake mzima, akaubana hadi ukauma.

"Hapana," alisema.

Lilitoka zima, bila kukatika. Ndilo neno lake la kwanza nje ya mchezo tangu atoke hospitalini. Jacklyne alimshukuru Mungu kwa sauti, akageuka amwambie mama: umesikia, baba anapona.

Mama alikuwa ameweka kijiko chini. Alikuwa amesimama, anajifunga leso kichwani polepole, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

"Kumbe ni Londiani ulikomshusha mwanangu, Zedekiah," alisema. "Usiku ule hospitalini uliomba msamaha kwa kumwacha njiani, stesheni hukuitaja. Na mimi miaka yote hii namwombea kati ya wafu."

Akachukua mkoba wake, akampita mumewe na uji wake, akafungua mlango, akatoka.