Waya wa Kuanikia

"Waya una meno, au uvivu wako ndio una meno?" Mama Minza alifoka, beseni la nguo mbichi kiunoni.

"Unauma, mama," Minza alijibu. "Tangu mwenye nyumba afunge antena ya televisheni juu ya paa, bati zima lina umeme. Waya umefungwa kwenye bati, na chuma hupitisha umeme."

"Juzi kwa nini mwezi hauanguki, leo bati! Kidato cha pili kitakuua."

"Basi gusa. Ila kwa nyuma ya mkono. Kiganja kikishika, hakiachii."

Mama Minza akagusa ili amkomeshe. Mkono ulirushwa kama uliopigwa rungu. Vinyweleo vikasimama hadi begani, ulimi ukachachuka kama aliyelamba betri.

Ng'ambo ya ua, mke wa mwenye nyumba alikuja peku, akikanyaga tope la mvua, kitenge kinachuruzika mikononi.

"Usianike! Simama hapo!" Mama Minza alimpigia kelele.

Mpira ulinguruma kwenye televisheni, mwanamke hakusikia. Akainua mikono yote miwili kuelekea waya.

Mama Minza alitupa beseni, akapanda mbio baraza la mwenye nyumba, asikoruhusiwa mpangaji, akaivuta chini swichi kubwa ya umeme ya ukutani.