Kitambaa cha Mama

Ukungu ulikuwa umelala zizini kama ng'ombe wa tano. Mwakio akamkamua ng'ombe wake Shani matone ya kwanza ndani ya kikombe cheusi, na mabonge ya maziwa, dalili ya kiwele kinachougua, yakaonekana tena.

"Mchome sindano, daktari," alimwambia Wakesho, daktari wa mifugo. "Juzi ilimponya Mawingu."

"Na leo anaugua Shani. Kesho nitamchoma nani?" Wakesho alikitazama kitambaa kilichokuwa begani mwa Mwakio. "Hicho ndicho unachowafutia viwele?"

"Cha marehemu mama. Ng'ombe wakikinusa ndipo wanashusha maziwa."

"Wote wanne, kitambaa kimoja?"

Mwakio akakishusha kitambaa begani. Kumbe ni yeye aliyekuwa akiuhamisha ugonjwa, kila alfajiri, kwa upendo.

"Kichemshe, ukichane vipande vinne, kila ng'ombe chake. Huyu mkamue mara kwa mara. Sindano tuiache kwanza."

"Nikikichemsha, mama ataondoka."

Wakesho akairudisha sindano mkobani.

Adhuhuri vipande vinne vilicheza kambani, ingawa hapakuwa na upepo. Mwakio akamsogezea Shani kipande chake. Ng'ombe akakinusa muda mrefu, akafumba macho. Tone likajikusanya kwenye ncha ya chuchu, likaning'inia juu ya kikombe cheusi.