Baba wa Miaka Minne

Sheria ilisema aliyeua mtu kwa uzembe atabeba wajibu wa marehemu nyumbani kwake kwa miaka minne. Ndivyo Kibwana, fundi umeme aliyeacha waya uchi dukani, alivyohamia chumba cha uani kwa Tunu, mjane wa mtu aliyenaswa na waya ule. Siku ya msiba Tunu alikuwa mjamzito. Salha alipozaliwa, Kibwana ndiye aliyempeleka kliniki na kumbembeleza alipoota meno. Tunu hakumsemesha zaidi ya salamu.

Muda ulipoisha, ofisa wa mahakama alikuja kumtoa. Salha alimng'ang'ania mguu.

"Baba, usiende!"

Ofisa akambandua. "Mama Salha, nisamehe," Kibwana alisema. Tunu alimvuta mtoto ndani.

Mlango ulipofungwa, mtoto aliuliza, "Mama, baba anapelekwa wapi?"

Miaka yote Tunu alikuwa ameyapanga maneno: huyo si baba yako, ndiye aliyemuua baba yako. Akafungua kinywa.

"Amekwenda kazini."

"Atarudi kula?"

Tunu alimkumbatia kwa nguvu mno. Mtoto akalia kwamba anaumia, naye hakuweza kumwachia.