Ziara ya Kwanza ya Mama

Rukaiya alimwalika mama yake, Bi Mwanakombo, kutoka Pangani, aje amwone mjukuu wake kwa mara ya kwanza. Sheria ya nchi ile ya baridi alikoishi aliijua: viza ya matembezi ikiisha, mgeni na mwenyeji hufutiwa kumbukumbu zote za ziara, asiwepo wa kumlilia mwenzake abaki. Watoto wadogo tu ndio hawaguswi. Alikubali, maana wiki mbili na mama zilikuwa bora kuliko kutoonana kabisa.

Mama alipoingia, Tamimu, mwenye miaka minne, alimkimbilia.

"Bibi, umerudi?"

"Mwamkie kwanza," Rukaiya alisema huku akicheka. "Bibi hajawahi kufika hapa, mwanangu. Umemwona kwenye simu tu."

Mtoto alimvuta bibi yake hadi chumba cha wageni, akamwonyesha kitanda.

"Wewe unalala hapa. Mama analala chini, amekushika mkono."

Bi Mwanakombo alikaa kitandani polepole, akamtazama binti yake. Rukaiya alipiga magoti mbele ya mwanawe.

"Bibi amekuja mara ngapi, Tamimu?"

Mtoto alianza kuhesabu kwa vidole. Mkono mmoja ulipokwisha, akainua wa pili.