Fisi Nje ya Kibanda cha Sungura

Jumanne, tarehe 14 Oktoba. Manyunyu yalianza kabla hakujapambazuka, na hadi saa tatu asubuhi vioo vya dirisha vilikuwa bado vimefunikwa na ukungu.

Fisi alikuwa amesimama tena nje ya kibanda.

Mhakiki aliibana pedi ya kuchezea kwa mikono yote miwili. Ilikuwa siku ya kumi na mbili tangu aanze kulicheza gemu hili, ili aandike habari zake katika gazeti la mtandaoni. Lilikuwa gemu la ulimwengu mpana, lenye milima, mito na miji ya wanyama. Kila mchezaji alijichagulia mnyama wake, akapigana na kusafiri apendako. Yeye alikuwa sungura mwenye upanga. Fisi huyu naye alikuwa mchezaji, mtu halisi, aliyekaa mbele ya skrini yake mahali fulani.

Sungura alimkata fisi mara tatu. Fisi hakurudisha hata pigo moja. Alichimba mashimo matatu mbele ya mlango, akakaa kando yake.

"Si umwache tu," alisema mtoto kutoka kwenye mkeka. Alikuwa na miaka saba. "Huyo hana ubaya."

"Umejuaje kama hana ubaya?"

Mtoto aliinamia kitabu chake cha hesabu.

Kosa lilikuwa la mhakiki mwenyewe. Jambo la kwanza ambalo waandishi wa magemu hujifunza ni kufuta jina la mchezaji kwenye picha kabla ya kuichapisha. Wiki iliyopita alisahau. Picha yenyewe ilikuwa ya kibanda hiki, ambacho mtoto alikipamba kwa mlango wa bluu na nukta tatu nyeupe, kama anavyochora kila mlango. Aliipenda, akaiweka juu kabisa ya uhakiki wake. Siku mbili baadaye fisi akatokea, na tangu hapo hakubanduka.

Sasa kila alipomwona, aliinuka kukagua komeo la mlango. Katika miezi kumi na moja walikuwa wamehama nyumba mara tatu. Nywele za mtoto alizikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni. Masomo alimfundisha yeye, hapohapo mezani.

Mlango uligongwa. Nusura pedi imponyoke.

"Hodi, Mama Kidoti! Ni mimi fundi wako. Gauni la mtoto liko tayari."

Fundi cherehani wa chumba cha pili aliingia, akaitazama skrini, akaangua kicheko. "Makubwa haya! Mtu mzima na akili zako, unatoka jasho kwa fisi wa kuchorwa?"

"Dada, nyuma ya huyu kuna mtu. Nadhani ametupata."

"Nani?"

Mhakiki alishusha sauti. "Akifika hapa atamchukua mtoto. Sitamwona tena maishani."

Fundi aliacha kucheka. "Wanaume hawa! Kumbe ndiyo maana huishi kufunga mapazia. Basi na aje, atanikuta. Nina mkasi wa kukatia suti ambao hata mume wangu anauogopa."

Mhakiki aligeukia skrini. Alikuwa ameona alama ndogo kwenye kona ya skrini, mahali wachezaji wanapoandikiana. Hakuwa na kawaida ya kupafungua. Leo alipafungua.

Maneno yalikuwa ya jana saa saba mchana, wakati yeye alipokuwa uani akifua.

Fisi aliuliza: "Unaona nini dirishani?"

Sungura alijibu: "Mnara mwekundu wa maji. Na kiwanda cha sabuni. Kinanuka."

"Na mlango wenu?"

"Wa kijani. Juu ya duka la viatu."

"Vizuri. Usiogope."

Alimgeukia mtoto. "Wewe ndiye uliyeandika haya?"

Mtoto alitikisa kichwa kukubali.

"Umemwelekeza nyumbani mtu usiyemjua!"

"Namjua," mtoto alisema polepole.

Mhakiki aliburuta begi kutoka chini ya kitanda. Alitupia humo nguo, viatu, mswaki mmoja, akausahau wa pili. Zipu ikamshinda. Fundi akapiga magoti kumsaidia, na mhakiki naye akajikuta amepiga magoti, macho ameyafumba.

"Ee Mungu, mtoto huyu nimekuomba miaka yote. Usiache anyang'anywe mikononi mwangu. Leo tu, Baba. Leo tu tupitishe."

"Amina," alisema fundi, machozi yakimlengalenga.

Vishindo vikasikika kwenye ngazi. Viatu vizito, na watu zaidi ya mmoja. Vikasimama mlangoni.

"Fungueni! Sisi ni askari!"

"Afadhali!" fundi aliruka. "Umeona? Mungu amekusikia papo hapo. Wamekuja kukulinda."

"Usifungue! Dada, nakuomba, usifungue!"

Lakini komeo lilikuwa limekwisha kuvutwa. Waliingia askari wawili, na nyuma yao mwanamke mwembamba aliyelowa mvua chapachapa. Mtoto alikitupa kitabu, akampita mhakiki mbio bila hata kumtazama.

Mwanamke alipiga magoti, akamkumbatia, akasema kwa sauti iliyosikika chumba kizima:

"Mbele ya askari hawa, na mbele ya dada huyu nisiyemjua, mimi mama yako nakuahidi: leo unalala kitandani kwako, na hakuna mtu atakayekuiba tena."