Hedifoni za Bibi Zabibu

Kauthar aliukunja waya huku, akaukunja kule, mpaka akausikia umekatika ndani kwa ndani. Akazirudisha hedifoni juu ya redio ya bibi yake, akatoka uani, akashika ufagio. Ungemwona, ungesema mtoto huyu hajui kitu.

Haukupita muda.

"Mke mwenzangu!" Bibi Zabibu aliita. "Sikio moja limekufa tena!"

"Jamani, Bibi! Tena?"

"Tena. Zipeleke kwa fundi."

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Singida yamejaa vitu ambavyo zamani watu walivisikia kwa jina tu. Ba'mdogo Mughwai ndiye aliyezileta hedifoni zile, ili mama yake asikilize redio mchana bila kumwamsha mpangaji wao, mlinzi wa usiku. Nyepesi, ukizivaa unasahau. Utepe wa bati wa kupita kichwani, plastiki nyembamba kama ukucha, sponji mbili, na waya mwembamba kama uzi wa kushonea. Kuharibika kwake hakukumshangaza mtu.

"Hizi hazikutengenezwa zidumu," alisema Abdulhamidi, fundi redio wa pale Utemini, akizigeuza kwa vidole vyake virefu ambavyo Kauthar aliviona hata ndotoni. "Zimetengenezwa ziuzwe. Nikiziba hapa, zinapasukia pale."

"Basi we ziba tu," Kauthar alisema, macho chini.

Bati lilipokatika, Abdulhamidi aliweka chuma cha mwavuli. Plastiki ilipopasuka, aliichomelea kwa kisu cha moto. Sponji zilipochanika, kazi ilikwenda kwa babu yake, Mzee Ahmadi, aliyekuwa fundi cherehani kabla magoti hayajakataa kukanyaga. Mzee alikaa kwenye kona ya banda, akakata vipande vya mahameli, akashona vifuniko kwa mkono, taratibu, kama anayeshona nguo ya bibi harusi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mchumba. Bibi yako kazionaje zile nyekundu?"

"Anasema zinabana kidogo."

"Basi leo nitamwachia nafasi."

Bibi naye, kila hedifoni ziliporudi, alipapasa ule mshono kwa kidole. "Kazi hii haina papara," alisema. Kauthar hakusikia. Mawazo yake yalikuwa yamebaki bandani.

Maana alikuwa na haraka. Ba'mdogo alikwisha kusema: kama alizeti zitavunwa posa haijaja, Kauthar atakwenda Shelui kumsaidia kwenye mgahawa wake. Shelui kulikuwa na moshi, masufuria na madereva wa malori. Abdulhamidi hakuwako.

Kwa hiyo alikata waya. Alikanyaga plastiki. Ajabu ni kwamba safari nyingine hakuwahi hata kuzigusa, akazikuta sponji zimechanika zenyewe. Alimshukuru Mungu, akakishukuru na kiwanda.

Siku moja Abdulhamidi alimtolea hedifoni mpya, nene, zimetoka Dar es Salaam.

"Mpelekee bibi hizi, bure. Hata trekta likizikanyaga, zinacheka."

Kauthar alizibeba nyumbani kama anabeba maiti. Hedifoni zisizovunjika! Sasa atakwenda kule bandani kufanya nini?

Bibi alizipima mkononi, akakunja uso.

"Nzito hizi. Zitanivunja shingo."

"Lakini ni imara, Bibi."

"Imara ilikuwa redio ya marehemu babu yako, na alikufa akaiacha. Zirudishe. Nataka zangu zilezile."

Kauthar nusura ambusu.

Alizeti zilikuwa zimeanza kuinamisha vichwa wakati Ba'mdogo alipoingia na tabasamu lisiloeleweka.

"Nyumba ya fundi wamebisha hodi," alisema. "Wanakuja Ijumaa baada ya swala. Nyumba ipendeze."

Kauthar hakuuliza neno. Binti haulizi habari za posa. Akiuliza, anaitwa kiherehere. Alikimbilia jikoni, akaufunga mlango, akacheza peke yake mpaka ungo ukaanguka ukutani.

Alhamisi alitwanga hina.

"Nipake na mimi," Bibi alisema, akinyoosha viganja. "Shughuli ni yetu sote."

"Hata miguu, Bibi! Mpaka magotini ukitaka!"

Ijumaa wazee wakakaa mkekani. Nyuma ya pazia walikaa wanawake, Kauthar ubavuni mwa Bibi. Kwenye upenyo alimwona Abdulhamidi ndani ya kanzu nyeupe, pembeni ya babu yake. Kijana alikuwa anatazama pazia, anatabasamu.

Mshenga akasema kama posa inavyosemwa, bila kutaja jina.

"Tumeona taa ndani ya nyumba hii, nasi nyumba yetu ina giza."

"Taa mmeiona vema," Ba'mdogo alijibu. "Sisi tumeridhia. Lakini mwenyewe aulizwe."

Kauthar alikumbuka alivyofundishwa madrasani: mwanamwali akiulizwa, kimya chake ndicho kibali. Basi akanyamaza. Koo lilimwasha, akaogopa hata kukohoa, wasije wakadhani amekataa. Akaibana midomo, machozi ya furaha yakimlenga.

Shehe akasogea karibu na pazia.

"Angekuwa mwanamwali, kimya kingetutosha," alisema. "Lakini mjane sharti atamke kwa kinywa chake. Bibi Zabibu, je, umemkubali Mzee Ahm—"

"Nimemkubali," alisema Bibi.