Kopo la Chumvi la Nyumba Kumi

Kopo la chumvi lilikuwa limejifunga tena, na Bi Hidaya akasonya. Ndiyo sheria ya zahanati: presha ikimpanda mmoja, makopo ya nyumba zote kumi hujifunga, na wote wanakula bila chumvi mpaka imshuke.

"Nani huyo anatulisha maharage chapwa?"

Akajifunga khanga, akachukua bakuli lake ili akale na mgonjwa, maana mgonjwa haachwi ale peke yake. Mlangoni akakutana na muuguzi Nasra na majirani, kila mmoja na bakuli mkononi.

"Ni wewe, mama," Nasra alisema.

"Mimi? Mimi mzima!"

Lakini walishaketi mkekani. Walikula, wakapiga soga, wakacheka, na katikati ya kicheko Bi Hidaya akaangua kilio. Tangu bintiye wa mwisho aolewe, bado alikuwa akipakua sahani mbili; hata leo ya pili ilikuwa pale mkekani, haina mlaji.

Hakuna aliyemwambia anyamaze. Jirani yake Mwanakheri aliivuta ile sahani ya pili. "Basi hii yangu, kila siku."

Jikoni, kopo likafunguka, tak! Bi Hidaya akageuka kulitazama. Mwenyewe alikuwa bado hajajua kwamba ametulia.